Kabla hujamkubali mfadhili: jibu kwa mchoraji wa Lamu

Msomaji wetu wa Lamu ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana, nachora kwa rangi juu ya matanga ya majahazi yaliyochakaa. Shangazi yangu anayeishi Ufaransa ameniletea kitabu cha maonyesho ya mkusanyo wa picha wa tajiri wa Kirusi, Sergei Shchukin, yaliyofanyika Paris mwaka 2016. Kinasema tajiri huyu ndiye aliyemwezesha mchoraji wa Kifaransa, Matisse. Sasa kuna mgeni mwenye nyumba Shela anataka kunilipa kila mwezi kwa mwaka mzima. Kila nitakachochora kitakuwa chake, na anataka punda, majahazi na wanawake wa buibui, kwa sababu ndivyo vinavyopendeza ukutani. Je, ni kweli bila Shchukin Matisse asingekuwa Matisse? Na mimi nimkubali huyu mgeni?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, na naona la pili ndilo linalokunyima usingizi. Hata hivyo sitaliruka la kwanza, maana jibu la pili limo ndani yake.

Matisse angekuwa Matisse hata bila Shchukin. Mwaka 1905, kabla Mrusi huyo hajaanza kumnunua kwa wingi, Matisse alitundika kwenye maonyesho ya Salon d'Automne mjini Paris picha ya mkewe aliyevaa kofia kubwa, uso wake umepakwa kijani. Watu walikuja kuicheka. Familia ya Wamarekani waliokuwa wakiishi mjini humo, akina Stein, wakainunua kwa faranga 500. Nyumba ya Leo na dada yake Gertrude, nambari 27 mtaa wa Fleurus, ilikuwa na desturi ya kupokea wageni Jumamosi jioni: anayetaka kuona picha hizo mpya aje atazame, hata akitaka kubisha abishe. Kupitia watu hao Matisse na mchoraji mwenzake Picasso walifahamiana mwaka 1906. Shemeji yao, Sarah Stein, alimwamini Matisse kiasi cha kumsaidia kufungua shule yake ya uchoraji mwaka 1908. Kwa hiyo watu Matisse alikuwa nao. Alichokosa ni ukuta mkubwa, na mtu wa kumwambia: fanya, nami nitalipa.

Ukuta huo Shchukin alikuwa nao. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Moscow, aliyezaliwa mwaka 1854, mwenye kigugumizi, mkali wa biashara, na aliyekuwa akiishi katika jumba la kale lililoitwa kasri la Trubetskoy. Alianza kununua picha za Monet mwishoni mwa miaka ya 1890, akaenda kwa Cézanne, Van Gogh na Gauguin, halafu kwa Matisse na Picasso. Picha za Gauguin alizibananisha ukutani mwa chumba cha kulia, fremu kwa fremu, jinsi sanamu takatifu zinavyopangwa kanisani kwao. Kufikia mwaka 1914, vita vilipofunga njia ya kwenda Paris, alikuwa na zaidi ya kazi 250, na kati yake takriban 50 ni za Picasso. Inasimuliwa kuwa kazi za Picasso zilimshinda Shchukin mwanzoni, akaitundika mojawapo mahali ambapo lazima apite kila siku, akawa anaitupia jicho akienda kula hadi ikamwingia. Mnunuzi wa namna hiyo ni adimu. Wengi hununua kinachowapendeza leo, na sokoni hakuna aibu katika hilo. Yeye alinunua kitu ambacho jicho lake lilikuwa bado halijakiweza, akakaa nacho.

Sasa nikupeleke kwenye ngazi za nyumba yake, kwa sababu kisa cha ngazi hizo kina mengi yanayokuhusu. Mwaka 1909 Shchukin alimwagiza Matisse picha mbili kubwa za kupamba ngazi: moja ya watu wanaocheza, nyingine ya watu wanaopiga muziki na kuimba. Ile ya kwanza, inayojulikana kama Densi, ina kimo cha sentimita 260 na upana wa sentimita 391. Chukua kipimo ukaipime kwenye ukuta wa nyumba yenu uone. Rangi ni tatu tu: samawati ya mbingu, kijani cha ardhi, na wekundu mkali wa miili mitano iliyoshikana mikono ikizunguka. Hakuna kivuli, hakuna mti, hakuna uso unaoweza kusema ni wa fulani. Mikono ya wachezaji wawili upande wa mbele imeachana kidogo, na mmoja anajinyoosha ili aufikie mkono wa mwenzake. Mzunguko wote unaning'inia pale. Ukiitazama kwenye kitabu chako, funika pengo hilo kwa kidole, halafu ondoa kidole. Utaona picha ikianza kwenda.

Watu hao wako uchi, na hapo ndipo penye kisa ambacho sisi watu wa pwani tunakielewa upesi kuliko wengine. Shchukin aliandika barua Machi 1909 kusema ameamua kuyakaidi maoni ya watu wa tabaka lake na kuitundika Densi ngazini kwake. Maneno mazuri. Lakini picha zote mbili zilipoonyeshwa Paris msimu wa vuli wa mwaka 1910, zilitukanwa vibaya. Shchukin akafika, akaziona, akasikia watu wanavyosema, woga ukamwingia. Nyumbani alikuwa akiwalea wasichana wadogo. Majirani wangesema nini? Akamwambia Matisse hazichukui, akapanda treni kurudi kwao. Njiani moyo ukamsuta. Hakukaa sana akatuma simu ya maandishi: zitumwe Moscow, zote mbili, na akaomba radhi kwa udhaifu wake. Zilipofika, kwenye ile picha ya muziki alichukua rangi nyekundu kidogo akafunika sehemu za siri za mpiga filimbi, kisha zikatundikwa zikabaki.

Nampenda Shchukin huyu anayetetemeka kuliko yule wa hadithi za ushujaa. Alikuwa na jamii, alikuwa na hofu, alikuwa na watoto nyumbani, na bado alirudi kwenye neno lake. Usitarajie mfadhili asiyeogopa macho ya watu. Mtafute anayeweza kuogopa, akafikiri, kisha akasimama na wewe.

Hata hivyo, yote haya yangebaki habari ya tajiri na mapambo yake kama Shchukin asingefanya jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko pesa zote alizotoa. Kuanzia mwaka 1908 alifungua nyumba yake kwa umma siku za Jumapili. Mara nyingi aliwatembeza wageni mwenyewe, na kigugumizi chake, chumba hadi chumba, akieleza. Wanafunzi wa shule ya uchoraji ya Moscow wakawa wanamiminika. Vijana ambao hawakuwa na nauli ya kwenda Paris walisimama mbele ya picha za Picasso ambazo Paris kwenyewe wengi walikuwa hawajaziona. Walirudi shuleni wakawa hawashikiki. Katika kizazi hicho ndimo walimotoka Larionov, Goncharova, Popova, Tatlin na Malevich, watu wa avangadi ya Urusi, waliotangulia mbele ya wakati wao. Desemba 1915 mjini Petrograd, katika maonyesho yaliyoitwa 0,10, Malevich alitundika mraba mweusi juu ya turubai nyeupe, sentimita 79.5 kila upande, akauweka juu kabisa kwenye pembe ya chumba, mahali ambapo katika nyumba za Warusi huwekwa picha takatifu. Kutoka Densi hadi Mraba Mweusi ni miaka mitano tu.

Simaanishi kwamba Shchukin aliumba Mraba Mweusi. Malevich alikuwa na kichwa chake, na wengi wa wenzake walibishana na Wafaransa zaidi ya kuwaiga. Lakini ili ubishane na mtu lazima umwone, na mlango ulikuwa wazi. Ndiyo maana nayapenda maonyesho yale ya Paris ya 2016 kwenye Fondation Louis Vuitton. Wangeweza kuleta kazi 130 za mkusanyo wake wakatosheka, na watu wangejaa vilevile. Walioingia walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Wao waliongeza kazi 30 hivi za hao vijana wa Urusi, akina Malevich, Tatlin na Rodchenko, zikawa karibu na zile zilizowaamsha. Kifungue tena kitabu chako kwenye kurasa hizo. Wengi huziruka kwa haraka ya kumfikia Picasso, na pale ndipo penye matunda ya Jumapili za Shchukin.

Kilichofuata ni kigumu. Mapinduzi yalipokuja Shchukin aliondoka nchini mwaka 1918, na mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ya Lenin ikautaifisha mkusanyo wake, pamoja na ule wa mwenzake Ivan Morozov, naye mfanyabiashara wa vitambaa. Kwa miaka michache serikali yenyewe ikawa mfadhili wa wachoraji wapya: iliwapa kazi za kufundisha, ikanunua picha zao, ikawafungulia makumbusho. Mfadhili mwenye hazina ya nchi nzima! Halafu akabadili nia. Mwaka 1932 vyama vyote vya wasanii vikavunjwa, na muda mfupi baadaye ukawekwa mtindo mmoja unaoruhusiwa. Mwaka 1948 Stalin akafunga makumbusho yaliyokuwa na picha za Shchukin na Morozov; zikagawanywa kati ya makumbusho ya Pushkin mjini Moscow na Hermitage mjini Leningrad (ndiyo Petrograd ya awali), na nyingi zikakaa stoo kwa miaka. Shchukin alikufa Paris mwaka 1936. Nakutajia haya ili ujue kwamba mfadhili anaweza kupenda kazi yako leo na kuizika kesho, awe mtu binafsi au dola. Ulinzi wako hauwezi kuwa tabasamu lake.

Turudi kwetu. Wafadhili si wageni Lamu. Ule utenzi wa vita vya Tabuka, wa mwaka 1728, ulitungwa na Bwana Mwengo wa Athumani katika jumba la mfalme wa Pate. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa zilizochongwa kwa subira ya ajabu, na waliozilipia ni matajiri wa bahari, ambao kuta zile zilikuwa zikitangaza jina lao. Ila tazama walivyogawa. Zidaka ziko ndani, kwenye chumba cha mwenye nyumba, na aliyeziona ni jamaa na mgeni wa arusi au wa msiba. Mlango wa nakshi uko nje. Mchukuzi aliyepita na gunia aliuona, mtoto wa fukara aliyetumwa dukani aliuona, akapitisha kidole kwenye maua yake. Baraza nayo iko nje, mtu akiketi ana mlango mbele yake. Mafundi wetu wa nakshi hawakusomea chuoni. Walikua wakitazama milango ya watu wengine, kisha wakaingia kwa fundi kujifunza patasi. Ufadhili wa tajiri yule ulifika kwa asiyemjua, kwa sababu sehemu yake moja ilielekea njiani.

Mwenye nyumba wako wa Shela simjui, na sitamdhania ubaya. Wageni walionunua na kutengeneza nyumba Shela na mjini wamewarudishia mafundi wa chokaa na wa mbao kazi ambayo ilikuwa inapungua, na wapo vijana wanaolisha familia kwa kazi hiyo. Pesa ya kila mwezi kwa mchoraji wa umri wako ni neema. Rangi ni ghali, tanga kuukuu la kuchorea siku hizi linagombewa, na msimu wa wageni ukikatika unajua mwenyewe hali inavyokuwa. Kwa hiyo sisemi ukatae.

Wala sina ugomvi na punda. Shchukin alinunua kwa Matisse picha ya samaki wekundu ndani ya gilasi, na hadi leo ni miongoni mwa picha zinazopendwa sana Moscow. Monet alichora mafungu ya majani makavu kwa miezi. Mada ndogo haimdogoshi mchoraji. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni maneno "ndivyo vinavyopendeza ukutani", kwa sababu hapo picha imeshaamuliwa kabla hujashika brashi, na maneno "kila nitakachochora kitakuwa chake". Haya mawili yakikaa pamoja kwa mwaka mzima yatakuacha na pesa iliyotumika na mkono uliozoea jambo moja.

Tazama Matisse alivyofanya. Septemba 1909, wakati huohuo anachora zile picha za ngazi, alitia sahihi mkataba na wauza picha wa Paris, Bernheim-Jeune. Wao wangechukua kazi zake zote za ukubwa wa kawaida, kwa bei iliyopangwa kufuata ukubwa wa turubai, na picha ikiuzwa apate pia sehemu ya faida. Lakini kazi kubwa za mapambo zilibaki nje ya mkataba; hizo angekubaliana na anayemtaka. Mada hawakumpangia. Kwa hiyo alikuwa na mshahara wa uhakika, na mlango wa pembeni wa kutokea. Mwaka 1911 akachora chumba chake cha kazi chote kwa rangi nyekundu, meza nyekundu, sakafu nyekundu, hata saa ndefu ya kusimama imezama katika wekundu huohuo. Akamtaka Shchukin aichukue. Shchukin, mfadhili wake mkuu, akakataa. Matisse akabaki nayo hadi mwaka 1927 ilipopata mnunuzi, na leo ipo kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, miongoni mwa picha muhimu za karne nzima. Jiulize: kama angekuwa amejifunga kuchora anachokipenda Shchukin peke yake, ile picha nyekundu ingechorwa lini?

Basi mpelekee mgeni wako pendekezo, kwa adabu na kwa maandishi. Mwambie utamchorea punda na majahazi idadi fulani kwa mwaka, mkubaliane ukubwa wa kila tanga na bei yake, na malipo yagawanywe kwa mwezi kama alivyotaka. Zaidi ya idadi hiyo, utakachochora ni chako. Yeye awe wa kwanza kuonyeshwa, akipenda anunue, asipopenda uko huru kumuuzia mwingine au kukaa nacho. Mtu anayependa kazi yako kweli hatalikataa hili. Anayetaka kukumiliki atakasirika, na hasira hiyo itakuwa imekujibu swali lako mapema.

Hakimiliki usiiache hewani. Kwa sheria ya Kenya, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Hii inawapata wachoraji wengi wasiojua: anachora ukuta wa hoteli, mwaka unaofuata anaona picha yake kwenye fulana na kadi, na hana la kusema. Kwa hiyo sentensi moja iwemo: picha ni ya mnunuzi, hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Piga picha kila tanga kabla halijatoka mkononi mwako, mbele na nyuma, na uandike tarehe. Na kama mkataba ni wa Kiingereza, utafsiriwe, mama au mjomba wako ausikie neno kwa neno. Aibu ya kuuliza isikuzuie.

Jambo la mwisho ndilo nisingelilegeza hata kwa nusu ya mshahara. Omba iandikwe kwamba una haki ya kuazima picha zako kwa maonyesho, mathalani yakifanyika Ngomeni, kwenye ngome ya Lamu, kwa taarifa ya wiki chache, na kwamba angalau siku kadhaa kwa mwaka nyumba yake itafunguliwa kwa vijana wa Lamu waje waone. Hana haja ya kufungua vyumba vya kulala. Ukumbi wa chini na kiwanda, yaani ua wa ndani, vinatosha. Ikiwa wasichana watakuja, watengewe wakati wao, wazazi wasipate neno. Shchukin alifanya hivyo katika mji uliokuwa ukimcheka. Huyu wako hachekwi na mtu, na Shela si mbali kwa mashua.

Ujue pia kwamba wewe mwenyewe unaweza kuanza kabla yake. Hicho kitabu cha shangazi, kiweke mahali mwenzako wa mtaa wa Langoni anayechora kwa makaa atakifikia. Akina Stein hawakuwa mabilionea. Walikuwa na pato la kuishi, kuta, na Jumamosi. Kama una kibaraza na matanga yako manne matano, yatundike Ijumaa jioni watu wakitoka msikitini, uone watoto watasimama mbele ya lipi. Yawezekana lisiwe la punda.

Mgeni akikurudishia rasimu ya mkataba, niletee tuisome pamoja kabla hujatia sahihi. Nitaanza kusoma pale penye siku za kufungua nyumba.